Kitambaa Kilichokatwa Katika Picha ya Cézanne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu makala iliyotoka Jumapili iliyopita, upande wa utamaduni, kuhusu picha ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne yenye sanamu ya plasta ya Kupido. Nakushukuru kwanza kwa kuitoa, kwa kuwa si kawaida ya magazeti yetu kutenga nusu ukurasa kwa ajili ya picha moja ya rangi za mafuta iliyochorwa Ufaransa miaka mia moja na zaidi iliyopita. Hata hivyo, makala hiyo ilidai kwamba picha yenyewe ni zoezi tu la chumba cha kazi, kwamba kitambaa kilichomo ni pambo la kujazia nafasi, na kwamba mchoraji alishindwa kufuata kanuni za kuonyesha umbali. Yote matatu nayapinga. Lililonisikitisha zaidi, lakini, ni kwamba picha iliyochapishwa kando ya maneno hayo ilikuwa imepunguzwa: upande wa kushoto umeondolewa wote, na juu pia pamekatwa, akabaki Kupido katikati na matufaha miguuni pake. Ukikata pindo la kanga ukaacha mji peke yake, hukubakiza kanga ndogo. Umebakiza kitambaa kingine. Naomba picha hiyo ichapishwe tena nzima, tena kwa rangi, kwa sababu palipokatwa ndipo ilipokuwa hoja ya mchoraji.

Niieleze kwa ajili ya msomaji aliyeona kipande tu. Picha hiyo, ambayo leo imo katika Courtauld Gallery jijini London, ilichorwa mnamo mwaka 1895 au muda mfupi kabla ya hapo, kwa rangi za mafuta juu ya karatasi iliyogandishwa kwenye ubao. Kimo chake ni takriban sentimita 70 na upana wake 57, yaani ni picha ambayo mtu mmoja anaweza kuichukua kwapani. Juu ya meza imesimama sanamu ndogo ya Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi wa kale, katika umbo la mtoto asiye na mikono, nyonga zake zikielekea huku na mabega yake yakielekea kule. Amezungukwa na matufaha na vitunguu. Nyuma yake zimeegemezwa kanvasi za mchoraji mwenyewe. Mojawapo, juu upande wa kulia, inaonyesha sehemu ya chini ya mwili wa mtu aliyechunwa ngozi, mfano ambao wanafunzi wa sanaa waliutumia kujifunza misuli, na ambao enzi hizo watu waliamini ni kazi ya Michelangelo, mchongaji na mchoraji mashuhuri wa Italia. Nyingine, ukingoni kushoto, ni picha ya vitu tuli, yaani vitu visivyo na uhai vilivyopangwa mezani, ambayo Cézanne alikuwa ameichora karibu na wakati huohuo, yenye chupa na matunda juu ya kitambaa kizito cha buluu chenye mapambo meusi. Picha hiyo ipo mpaka leo katika National Gallery of Art, Washington.

Ni hapo kushoto, palipoondolewa na mkasi wa gazeti, ndipo msomaji angetakiwa kukaa muda mrefu. Kitambaa cha buluu kilichochorwa ndani ya kanvasi iliyoegemezwa kinashuka, na kinaposhuka kinakutana na kitambaa cha buluu kilicholala juu ya meza ya mbele, ile meza tunayoambiwa kuwa ni ya kweli, na hakuna mahali ambapo jicho linaweza kusema kwa uhakika kwamba hapa ndipo picha ya ndani inapoishia na chumba kinapoanzia. Jani la kijani la kitunguu kimojawapo, kitunguu cha mezani, linainuka na kuungana na mguu wa meza iliyomo ndani ya ile picha nyingine. Mchoraji hodari aliyetaka kuepuka jambo hili angesogeza kitunguu kidole kimoja tu, na Cézanne alikuwa mtu wa kupanga vitu vyake kwa subira iliyowachosha walioishi naye. Aliliacha jani lilipo kwa sababu alilitaka liwe pale.

Kwa hiyo tuna vitu vitatu ndani ya picha moja: sanamu, kitambaa, na picha nyingine. Kila kimoja tayari ni kazi ya mkono wa binadamu. Hata Kupido si Kupido aliyechongwa, bali ni nakala ya plasta iliyotolewa kwenye kalibu, ya sanamu ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya Pierre Puget, mchongaji wa Marseille aliyeishi kati ya 1620 na 1694, ingawa wataalamu wamekwisha kulitilia shaka jambo hilo. Puget mwenyewe alikuwa akijibizana kwa mawe na wachongaji wa kale wa Ugiriki na Roma. Basi anayeitazama picha ya Courtauld anatazama rangi inayoiga plasta iliyoiga sanamu iliyochongwa kwa kuwafuata watu wa kale, na pembeni yake rangi inayoiga picha iliyoiga kitambaa. Mtu anaweza kuuliza kama huo si mchezo wa kupoteza wakati, na swali lake litakuwa la haki. Jibu langu ni kwamba mwanafunzi wa sanaa wa Ulaya katika karne ya 19 alilelewa ndani ya mlolongo huohuo. Alianza kwa kunakili michoro, akapandishwa kwenye sanamu za plasta, na mwishowe akaruhusiwa kumchora mtu aliye hai. Cézanne alianza masomo ya kuchora katika mji wake wa Aix-en-Provence mwaka 1857, akakataliwa baadaye na shule kuu ya sanaa ya Paris, na kwa maisha yake yote akaendelea kwenda katika jumba la makumbusho la Louvre kuchora sanamu, za Puget zikiwamo. Kupido yule wa plasta hakuwa chombo cha zoezi alichookota siku hiyo. Alimchora tena na tena kwa penseli na kwa rangi za maji, na sanamu yenyewe bado inahifadhiwa katika chumba chake cha kazi kule Aix.

Neno "zoezi" lina historia yake, na mwandishi wa makala amelirithi bila kujua. Katika karne ya 17, André Félibien, akiandika kwa niaba ya akademia ya kifalme ya Ufaransa, alizipanga aina za picha kama vyeo vya jeshi: juu kabisa waliwekwa wachoraji wa visa vya historia na dini, wakafuata wengine kwa zamu, na chini kabisa wakawekwa wanaochora matunda, maua na makombe ya baharini. Sababu iliyotolewa ni kwamba binadamu ndiye kazi bora ya Mungu, kwa hiyo anayemchora binadamu amemwiga Mungu katika jambo kubwa, ilhali anayechora tufaha amechora tufaha. Jean-Siméon Chardin, ambaye leo hakuna anayebisha ubora wake, alipokelewa katika akademia hiyo mwaka 1728 kama mchoraji wa wanyama na matunda, daraja ambalo halikumpa haki ya kuwafundisha wengine. Ukikumbuka mpangilio huo ndipo unapoona Cézanne alifanya nini alipomsimamisha mungu mezani. Mwili wa mtu, tena mwili wa mungu, kile kilele chenyewe cha ngazi ya Félibien, umepelekwa jikoni na kuwekwa katikati ya vitunguu, na mchoraji haupi heshima hata chembe zaidi ya anayovipa vitunguu hivyo. Mapaja ya Kupido na matufaha yamejengwa kwa vipande vilevile vya rangi, kwa mkono uleule.

Sasa kuhusu kitambaa, ambacho makala ilikiita pambo. Hapa nina neno zito kidogo, kwa kuwa dharau ya kitambaa ni ya zamani kuliko gazeti lolote. Katika majumba ya wafalme wa Ulaya, kuanzia zama za kati mpaka enzi ya Louis wa 14, mazulia ya ukutani yaliyofumwa kwa sufu, hariri na nyuzi za dhahabu yaligharimu fedha nyingi kuliko picha za rangi. Mfalme alipohamia kasri lingine, mazulia yake yalivingirishwa na kusafiri pamoja naye, na picha mara nyingi zilibaki zilipo. Kiwanda cha Gobelins, kilichowekwa chini ya mfalme mwaka 1662, kiliongozwa na mchoraji, Charles Le Brun, naye na wenzake ndio waliotoa michoro. Mfumaji aliketi nyuma ya kazi yake, upande wa mafundo, akaifuma picha ya mtu mwingine kwa miezi mingi huku akichungulia upande wa mbele wa kazi hiyo kwa kioo. Mchoraji akapewa sifa, mfumaji akapewa ujira. Hivyo ndivyo kitu cha thamani kuliko vyote ukutani kilivyopata kuitwa pambo, na kitu cha bei nafuu zaidi kikaitwa sanaa.

Wachoraji wa vitu tuli, kwa upande wao, hawakukisahau kitambaa hata siku moja. Waholanzi wa karne ya 17, Willem Kalf akiwa mmoja wao, walitandika mazulia ya Mashariki juu ya meza, kwa kuwa yalikuwa ghali mno kukanyagwa, na wakashindana katika kuchora manyoya ya zulia yakipokea mwanga karibu na vyombo vya kioo na vya fedha. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, anasimulia kisa cha wachoraji wawili wa Ugiriki waliopambana. Zeuxis alichora zabibu, ndege wakaja kuzidonoa. Akamgeukia Parrhasius kwa kiburi, akamwambia aondoe pazia ili na picha yake ionekane, na pazia lenyewe ndilo lilikuwa picha. Zeuxis akakubali kwamba ameshindwa, kwa kuwa yeye aliwadanganya ndege, na mwenzake alimdanganya mchoraji. Katika kisa hicho kongwe kuliko vyote kuhusu picha za vitu, matunda yalishika nafasi ya pili na kitambaa kikachukua ushindi. Cézanne anakigeuza kisa hicho. Hajaribu kumfanya mtu anyooshe mkono kukishika kitambaa chake. Anamfanya ashindwe kujua ni kitambaa kipi.

Upo ushahidi mwingine, mdogo lakini naupenda. Mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard, aliyeandaa mwaka 1895 maonyesho ya kwanza ya Cézanne peke yake, alikaa mbele ya mchoraji huyo mwaka 1899 ili achorwe. Kwa maelezo ya Vollard mwenyewe, alikaa mara 115, na mwishowe Cézanne akaiacha kazi akisema tu kwamba kifua cha shati hakikumchukiza. Baada ya vikao vyote hivyo, kilichomridhisha kidogo ni kipande cha kitambaa! Mtu wa namna hiyo hakitumii kitambaa kujazia nafasi. Yeyote atakayeiona picha yake ya matufaha na machungwa iliyoko Musée d'Orsay mjini Paris, ambamo vitambaa viwili vizito vya mapambo vimesimama nyuma ya matunda kama vilima, atakubaliana nami bila kusukumwa.

Kuhusu kanuni za umbali nitasema kwa ufupi. Ni kweli kwamba sakafu ya picha ya Courtauld inapanda juu badala ya kulala, na kwamba tufaha la kijani lililoko mbali sakafuni, karibu na picha ya mtu aliyechunwa, lina ukubwa uleule wa matufaha ya mbele, ambapo kwa kanuni za umbali zilizotoka Florence, Italia, lingepaswa kuwa dogo zaidi. Lakini kanuni hizo zinafundishwa kwa mwanafunzi wa miaka kumi na minne kwa rula na penseli, na Cézanne alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Hakuzisahau. Mwaka 1547 msomi Benedetto Varchi aliwauliza wasanii wa Florence, Michelangelo akiwa miongoni mwao, ni sanaa ipi iliyo bora kati ya uchongaji na uchoraji. Hoja kubwa ya wachongaji ilikuwa kwamba sanamu ina pande nyingi na mtu anaweza kuizunguka, ilhali picha ina uso mmoja. Mtazame Kupido wa plasta kwa hoja hiyo akilini. Mwili wake uliosokotwa unamvuta mtazamaji azunguke, na chumba chote kilichomzunguka, kuanzia meza hadi kanvasi na sakafu, kimechorwa kana kwamba mchoraji alikuwa amekwisha kuanza kuzunguka, akitazama meza kutoka juu, sanamu kutoka mbele, na sakafu kutoka mahali pengine kabisa. Kuinama kwa sakafu kunatokana na sanamu hiyo. Ukimwondoa Kupido, ukabakiza matunda, sakafu hiyo haina sababu ya kupanda.

Nitaje jambo moja la pembeni ambalo huenda likamfurahisha msomaji mwenye duka la vitambaa. Samuel Courtauld, aliyeinunua picha hii katika miaka ya 1920, alitoka katika ukoo uliotajirika kwa kufuma hariri nyeusi ya maombolezo ambayo wanawake wa Uingereza walivaa wakati wa matanga, na baadaye kwa kutengeneza hariri ya bandia. Fedha hizo za nguo ndizo zilizojenga mkusanyo wake, ndizo zilizotoa pauni 50,000 mwaka 1923 ili taifa lake linunue picha za Wafaransa wapya ambazo wakuu wa majumba ya sanaa walikuwa wakizikwepa, na ndizo zilizosaidia kuanzisha taasisi yenye jina lake mwaka 1932. Sidai kwamba aliipenda picha ya Kupido kwa ajili ya kitambaa chake. Lakini mtu huyo alijua kitambaa ni nini.

Jambo la mwisho ninalotaka kulijibu ni sentensi ya makala iliyosema kwamba mabishano kati ya sanamu na zulia ni ya Wazungu na hayatuhusu. Mchoraji Henri Matisse, aliyekulia Bohain, mji wa wafumaji kaskazini mwa Ufaransa, alinunua mwaka 1899 picha ndogo ya waogaji ya Cézanne, wakati ambapo hakuwa na fedha za kutosha hata kwa mahitaji ya nyumbani, akakaa nayo kwa zaidi ya miaka 35. Kutoka kwa Cézanne alijifunza kwamba sanamu ndogo na kitambaa cha mapambo vinaweza kukaa mezani kama wapinzani wenye nguvu sawa, na picha zake nyingi za vitu tuli zinaendeleza ugomvi huo, mara nyingi akitumia sanamu alizozifinyanga mwenyewe. Na katika miaka ya uzee wake, kuta za chumba chake cha kazi zilipambwa kwa vitambaa vya watu wa kabila la Kuba, wa Kasai nchini Kongo: vitambaa vya nyuzi za rafia, mti wa jamii moja na mnazi, ambavyo wanaume hufuma na wanawake hutarizi, wakikata nyuzi juu kabisa mpaka uso unakuwa laini kama mahameli, na ambavyo mistari yake huanza kwa utaratibu kisha ikabadilika njiani bila kuomba ruhusa. Matisse aliandika kwamba hachoki kuviangalia kwa muda mrefu, akingoja kitu kimjie kutoka kwavyo. Vitambaa vya namna hiyo viliingia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kama vifaa vya makabila, huku picha za Matisse, mwanafunzi wa vitambaa hivyo, zikitundikwa kama sanaa. Ngazi ya Félibien imefika mbali kuliko Paris, na wanawake wa kabila la Kuba wamewekwa kwenye kipago chake cha chini pamoja na wafumaji wa Gobelins.

Mwandishi wa makala ana haki katika jambo moja, nami sitaki kulificha. Upande wa juu kulia wa picha hii umesongamana. Mtu aliyechunwa ngozi amekatwa na ukingo kwa namna ambayo, machoni pangu, haileti nguvu iliyokusudiwa, na lile tufaha la kijani la mbali linalazimika kubeba mzigo mkubwa mno katika kona isiyo na kitu kingine cha kulisaidia. Huko kushoto kitambaa kinaunganisha picha mbili bila mtu kusikia mshono. Huko kulia mshono unaonekana. Kama makala ingeanzia kwenye kona hiyo, badala ya kwenye neno "zoezi", tungekuwa na jambo la kubishania kwa wiki kadhaa katika kurasa zako.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Tanga